Kuita Timu Mara Tatu

Mimi kukaa sijui. Mama yangu kule Gitting husema hata nikiwa mgongoni nilikuwa nampiga mateke ili atembee haraka. Kwa hiyo wanafunzi waliponichagua kuwa Waziri wa Michezo sikushangaa. Walitaka mtu wa kuhangaika huku na huko wakati wao wamelala kwenye nyasi wanatafuna miwa, wakasema: Violeth, huyo huyo.

Chuo chetu kiko njia ya kwenda Balangdalalu, mahali ambapo upepo huamka kabla ya watu. Jumamosi ya bonanza nilifika uwanjani saa moja asubuhi nikakuta umeshaangusha meza ya drafti, umelitupa bango letu kwenye uzio, na chokaa niliyochorea mistari ya netiboli imebaki nusu. Nikaichora upya. Saa tatu nikaichora tena. Katikati ya hapo nilitafuta magunia ya mbio, nikagombana na mpishi kuhusu kuku wa kukimbizwa, na nikagundua kamba ya kuvutana imefungiwa ndama nyuma ya nyumba ya mlinzi. Hata chai sikunywa.

Nilikuwa na sababu. Mwaka jana bonanza liliisha kwa ngumi, baada ya timu moja kuingiza mchezaji wa mtaani ambaye hata geti la chuo alikuwa halijui. Mkuu wa chuo alisema wazi kwamba vurugu ikitokea tena, michezo ya Jumamosi itafutwa, kila mtu abaki bwenini na daftari lake. Basi nikaandika kanuni kumi na nne na kuzibandika kwenye mlango wa bwalo. Ijumaa jioni nikaongeza ya kumi na tano, na hiyo niliipenda kuliko zote: kabla ya mechi, kapteni atasimama katikati ya uwanja na kuita jina la timu yake mara tatu, wachezaji wataitika "Tupo!", na mwamuzi atawahesabu. Kapteni asiyeita ndani ya dakika moja, timu yake imetoka. Niliona kitu kama hicho kwenye simu, vijana wa mahali fulani wanaita timu yao mpaka mishipa ya shingo imewatoka, nikaona na sisi tunaweza.

Majina ya timu nayo niliyatoa mimi, kwa heshima ya waliotuchangia. Wekundu waliitwa Bernadina, kwa ajili ya mama mwenye duka aliyetununulia jezi. Bluu waliitwa Gidahoda, kwa ajili ya mzee mmoja mfugaji wa upande wa Hirbadaw aliyetoa dume zima la ng'ombe kwa chakula cha jioni. Mzee mwenyewe nilikuwa sijamwona. Aliyemfahamu ni mwalimu Herman, mlezi wetu wa michezo, na ndiye aliyemwalika awe mgeni rasmi.

Kapteni wa bluu alikuwa Perpetua. Tunalala bweni moja, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Ni binti wa Kibarabaig, mpole wa maneno, lakini mpe mpira uone. Ameolewa miaka miwili sasa. Mume wake, Clement, ni bwana mifugo huko Singida, na ada ya Perpetua inalipwa na baba mkwe. Wiki ya bonanza alinishika mkono tukiwa tunafua.

"Jumamosi baba mkwe anakuja," alisema. "Watu wamemwambia chuo kinaharibu wake za watu. Anataka aone kwa macho yake. Asiporidhika, Januari sirudi."

"Atakuona unafunga magoli, ataridhika," nilimjibu.

"Violeth, naomba unihamishie timu nyekundu."

"Kwa nini tena?"

"Lile jina la bluu..."

"Jina lina nini? Mzee wa watu katoa ng'ombe mzima, wewe unachagua jina!"

Alifungua mdomo aseme kitu. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni, maana kulikuwa na suala la filimbi. Kuanzia hapo nikaona kwamba kila akiitaja timu yake anasema "sisi wa bluu", basi. Moyoni nikasema huyu ana maringo. Niliudhika kweli, na sikumuuliza.

Mchana watu walijaa. Mbio za magunia zilikwenda vizuri, kuku alikimbizwa mpaka akaingia ofisi ya mhasibu, na kwenye kuvuta kamba hakuna aliyepigana. Mgeni rasmi alifika, mzee mrefu mwenye blanketi begani na fimbo nyembamba, akakalishwa kwenye kiti cha mbele pembeni ya mwalimu Herman. Nilimwamkia shikamoo kwa haraka, akaitika marahaba, nikaondoka mbio. Saa kumi kasoro ikawa zamu ya fainali ya netiboli. Nilishika kipaza sauti mwenyewe.

"Kapteni wa Bernadina, ita timu yako!"

Kapteni wa wekundu alikuwa Monica, msichana mwenye mapafu ya tarumbeta. Aliita mara tatu, wekundu wakaitika "Tupo!" kwa kishindo, na Joakimu, mwamuzi wetu, akawahesabu: saba. Watu walishangilia. Nilijisikia raha ambayo sikuwa nimeihisi tangu asubuhi.

"Kapteni wa Gidahoda, ita timu yako!"

Perpetua alisogea mpaka katikati. Akasimama. Akaangalia chini.

Nilidhani hajasikia. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Spika ilikoroma, upepo ukalichukua lile jina ukalipeleka mpaka barabarani. Perpetua alipandisha mkono akafunika mdomo. Wekundu wakaanza kucheka. Mtu akapiga kelele, "Amesahau jina la timu yake!"

"Perpetua, una sekunde arobaini," nilisema kwenye kipaza sauti. Kichwa kilikuwa kimepata moto. Kati ya watu wote, huyu, rafiki yangu, anaharibu kanuni yangu mbele ya mkuu wa chuo! Monica akainua mkono kudai ushindi. Mchezaji mmoja wa bluu, Lucia, akajitolea kuita badala yake, wekundu wakapinga kwa pamoja kwamba kanuni inasema kapteni. Na kweli inasema kapteni. Niliiandika mwenyewe kwa kalamu nene.

"Sekunde ishirini! Kapteni wa Gidahoda, unaita au huiti?"

Lucia alinijia mbio akanivuta sketi. Na yeye ni binti wa Kibarabaig, wa kule Hirbadaw.

"Violeth, zima hicho kitu," alisema kwa kunong'ona. "Gidahoda ndiye baba mkwe wake."

Nikashusha kipaza sauti. Huku kwetu nani asiyeijua mila hiyo? Mwanamke wa Kibarabaig akishaolewa, jina la baba mkwe halimtoki mdomoni maisha yake yote, hata neno linalofanana nalo hulizunguka akatafuta lingine. Tangu utoto nimewaona akina mama wa kifugaji mnadani wakifanya hivyo, nami nikajua. Nilichokuwa sijui ni kwamba msichana tunayeazimana naye chaja ya simu anaishi ndani ya mila hiyo hiyo. Ningejuaje mkwe wake ni nani? Aliyetakiwa kuniambia ndiye asiyeweza kulitaja. Na alipojaribu kwa njia nyingine, mimi nilikuwa na suala la filimbi.

Sasa alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mbele ya watu mia tatu na mbele ya mkwe mwenyewe, na mimi namhesabia sekunde. Akitamka, amemvunjia mzee heshima hadharani na Januari harudi. Asipotamka, timu inatoka kwa kosa lake, anazomewa, na mzee anaona chuo ni mahali pa kudhalilishwa. Njia zote mbili nilizichonga mimi. Nilitamani ardhi inimeze na kipaza sauti changu.

Nikafungua mdomo kusema kanuni imefutwa. Nilijua wekundu wangewaka, na nilijua mkuu wa chuo ananiangalia. Kabla sijapata neno, mzee akanyanyuka kwenye kiti.

Alitembea taratibu, blanketi linapepea, mpaka kwenye duara la katikati. Perpetua alirudi nyuma hatua nyingi, akageuza uso. Hata wale wa drafti wakaacha kugonga kete. Mzee akasimama pale pale alipokuwa mkwe wake, akachomeka fimbo chini, kwenye chokaa yangu.

"Gidahoda!" aliita, jina lake mwenyewe.

Hakuna aliyeitika. Wasichana walikuwa wameduwaa.

"Gidahoda!"

"Tupo!" Lucia alijibu, na wengine wawili watatu.

"Gidahoda!"

"Tupo!" Safari hii waliitika wote saba, na sauti ya Perpetua ilikuwemo, maana kuitika hakukatazwi.

Mzee akanigeukia. "Wewe ndiye mkubwa wa mpira?"

"Ndiyo, mzee."

"Timu imeitwa. Wahesabu, waanze."

Monica alifungua mdomo kudai kanuni. Joakimu alimwangalia, akamwangalia mzee, akapuliza filimbi. Hata leo sijui kama alifuata sheria, na sitamuuliza.

Mpira ulipoanza nikaona mzee hakukaa tena kwenye kiti chake. Alikibeba yeye mwenyewe, akapita nyuma ya bwalo, akatoweka. Nikajua amekasirika anaondoka, na kila kitu kimeharibika. Nilimkimbilia. Nilimkuta amekaa, mgongo kauegemeza ukutani, anatazama mlima. Mawingu yalikuwa yamefunika kilele cha Hanang mpaka katikati.

"Mzee, nisamehe. Tumekukosea?"

"Hapana. Nikikaa pale, yule hatakimbia. Ataruka vipi mbele yangu? Ataona aibu, atacheza kama amefungwa miguu." Alinionyesha uwanjani kwa kidevu. "Wewe una miguu. Nenda uangalie, uje uniambie."

Basi nikawa mjumbe. Robo ya kwanza nilikwenda na kurudi mara tano, nahema. Nne kwa tatu, mzee, wekundu wanaongoza. Sita kwa sita. Perpetua amefunga mawili. Anasukumwa sana na Monica lakini hasukumiki. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, haulizi, na mimi sikuweza kustahimili. Robo ya tatu ilipoisha nilisimama mbele yake nikamuuliza waziwazi, ingawa kwa umri wangu haikuwa adabu.

"Mzee, Perpetua anarudi Januari?"

Aliinua macho kunitazama.

"Waliniambia chuo kinawala watoto," alisema. "Wanarudi nyumbani hawajui nani ni nani. Nikaja nione. Leo mmemsimamisha mbele ya watu, mnamcheka, wewe na chombo chako mnampigia kelele aseme. Mdomo hakufungua. Kwa hiyo hakijamla." Alirekebisha blanketi. "Atarudi. Na Januari yenyewe nitamleta mimi."

Nitasema ukweli: sababu yake sikuipenda. Nilitaka mtu arudi chuoni kwa sababu ana akili na anafunga magoli, siyo kwa sababu alijua kunyamaza. Kama ningekuwa na muda ningebishana naye. Lakini jibu nililipenda, nililipenda mpaka machozi yakanitoka. Sikungoja robo ya nne iishe. Nilitimua mbio hadi kwenye mstari, Perpetua akiwa ameupata mpira chini ya goli, ameshainua mikono, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Perpetua! Amekubali! Januari unarudi!"

Aligeuka kunitazama. Akabaki hivyo, mpira mikononi, mdomo wazi. Sekunde tatu, ukomo wa kushika mpira, zikapita, nne, tano. Joakimu akapuliza filimbi, akampa Monica mpira. Monica akautupa mbele, na wekundu wakafunga. Kumi na nne kwa kumi na tatu. Watu wa bluu walinizomea, na Joakimu, ambaye nilimfundisha kanuni zote mimi mwenyewe, akanyoosha mkono kuelekea nje.

"Waziri, toka uwanjani kwangu. Usirudi mpaka mpira uishe."

Nikatoka. Sikuwa na pa kwenda ila nyuma ya bwalo. Nilikaa chini kwenye nyasi karibu na kiti cha mzee, mgongo ukutani kama yeye.

"Umefukuzwa?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

Alicheka kidogo puani. Tukakaa. Kelele zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, na sikujua nani kafunga. Mikono ilikuwa inaniwasha. Mara mbili nilitaka kuchungulia kwenye kona, mara mbili nikajizuia. Ndipo ikaja sauti moja juu ya zote, kali, ya amri, inavuka paa la bwalo: "Lete! Lete hapa! Lucia, lete!"

Mzee aliinua kichwa.

"Nani huyo?"

"Ni mkweo, mzee. Anaomba mpira."

Akanitazama kama nimemdanganya. Miaka miwili, kila asipokuwa chuoni, amekaa naye boma moja, akiletewa maji na maziwa na mtu anayeongea chini chini akitazama pembeni. Sauti ikaja tena, kubwa kuliko mwanzo. Mzee aliweka fimbo magotini, akageuza sikio upande wa uwanja.

"Kumbe ana sauti," alisema, na akaendelea kusikiliza.