Kilo za Swaka

Duka la Betty la uchapaji, pale Hai Cinema, lilikuwa na printa moja, jenereta, na aina nne za herufi ambazo wateja walizijua kwa sura. Iliyopendwa zaidi ilikuwa ile nene. Nguzo zake zilikuwa pana, maungio membamba, na chini ya kila herufi kulikuwa na vikanyagio, kama mtu aliyesimama amevaa viatu. Ilitumika kwa matangazo ya mazishi, ratiba za kwaya, na USIKOJOE HAPA.

Agosti 2016 Santina alifika kutoka Gudele. Wiki tano kabla, watu wenye sare walikuwa wamemchukua mwanawe, Swaka, nyumbani. Alitaka tangazo la kumtafuta.

"Weka hiyo mnene," alisema.

"Hii iliyokula posho?"

"Hiyo hiyo, Betty. Hizi zingine iko na njaa."

Printa iliitoa karatasi polepole. Betty alipotaka kuinyanyua, ikamshinda. Akamwita Loro, jirani aliyeuza dura, yaani mtama, wakaibeba wote wawili hadi kwenye mizani yake. Kilo hamsini na nane.

"Kliniki ya Arua walimpima sitini na tatu," Santina alisema. "Amepungua kidogo tu." Akaketi juu ya gunia, akaomba maji. "Basi yuko."

Waliipeleka kwa toroli hadi ofisi ambako majirani walisema vijana wanashikiliwa. Afisa, aliyeitwa Ezbon, alijaribu kuivuta, akashindwa, akaita askari wawili wakaigeuza ili aisome.

"Karatasi tumeiona, mama. Mtu hatuna."

"Na huu uzito?"

"Uzito ni wa karatasi."

Ikarudi kwa Loro. Kila Jumatatu aliondoa magunia yake mizanini na kuipima. Hamsini na moja. Arobaini na nne. Santina alipeleka asida, ugali wa mtama, na bamia kwenye geti la ile ofisi. Ilipokelewa, bakuli likarudi limeoshwa. Jumatatu iliyofuata karatasi ilikuwa thelathini na tisa.

Betty alichapa nyingine, herufi mara mbili kwa ukubwa, akizinenepesha hadi matundu ya A yakaziba. Ikatoka na kilo zile zile thelathini na tisa. Hakumtoza Santina, wala hakuweza kumtazama usoni.

Mwisho wa Septemba Loro aliiweka mizanini na mshale haukusogea. Akaiondoa, akaweka gunia la dura, mshale ukaenda. Akairudisha karatasi.

"Mizani iko mzima, mama," alisema. "Malesh, pole."

Santina aliikunja chini ya kwapa, akatembea peke yake hadi ile ofisi. Ezbon aliipokea kwa mkono mmoja, akaisoma yote, akamwambia tena kwamba hawana mtu wa jina hilo. Kisha, kwa kuwa sasa iliwezekana, akaibandika ubaoni kwa pini moja.