Amina ya Safina

Siku Halubadiri iliposomwa Nyambunda, Safina ndiye aliyeitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Wanawake waliokaa naye nje ya msikiti waligeuka kumtazama. Na nyumbani kwake, uvunguni mwa kitanda, nyuma ya sanduku la kanga, palikuwa na chupa ya dawa ya pamba imezibwa kwa gunzi. Jamani! Wapo watu wenye roho ngumu, lakini roho ya Safina siku ile ilipita kipimo.

Ngoja nisimwonee. Hakuwa peke yake.

Nyambunda ni kijiji cha visiwani, huko mto Rufiji unakochanika vijitovijito ndani ya mikoko kabla ya kuingia baharini. Watu wake walikuwa wa mpunga, wa samaki na wa kukata boriti. Ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, na wanunuzi wa kamba wakaanza kuteremka kutoka Dar es Salaam na boti za mashine na masanduku ya barafu, wanataka kamba wakubwa, tena leo hii. Mtu tuliyemzoea na shuka lake moja tukamwona kavaa suruali ya mtumba yenye mifuko sita. Sasa nani tena akae na wavu tangu maji kujaa hadi kupwa? Dawa ya kunyunyizia pamba ilipatikana Ikwiriri bila shida. Ukitia kifuniko kimoja mkondoni maji yanapoanza kutoka, kamba wanaelea wenyewe, kazi yako ni kuokota.

Wakatia. Kila nyumba kwa siri yake, kila mmoja akijidanganya kwamba ni yeye tu na kwamba kidogo chake hakidhuru. Bata wakafa. Samaki wadogo wakajaa ufukoni, wananuka. Mwenyekiti wa kijiji, Mwinjuma, akaitisha kikao, na watu wakaapa mmoja mmoja kwamba si wao. Ikaamuliwa kuwa wanaotia sumu ni watu wa visiwa vya jirani.

"Watu wabaya wale," alisema Safina. "Hawana hata huruma."

Hapo ndipo ikakubaliwa isomwe Halubadiri, yasomwe majina ya mashujaa wa Badri na ubani ufukizwe, mkosaji asiyejulikana ashtakiwe kwa Mungu. Hicho si kisomo cha kuchezea. Wazee wa Nyambunda walikuwa wamekiona kisomo hicho mara moja tu maishani mwao, na aliyesomewa hakumaliza mwezi. Lakini Safina alijipa moyo. Mungu anajua mimi ni mjane, alijiambia, atawashika wanaotia nyingi.

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Maalim Abdulswamadu akasoma. Alikuwa mtu mwembamba, sauti yake ya upole, lakini alipofika kwenye dua sauti ilikaza. "Aliyetia sumu katika mto wetu, ewe Mola, na tumbo lake liwe kama mto huo!"

"Aminaaa!"

Kisha ikaletwa sadaka, wali na mchuzi wa kamba. Kila nyumba ilikuwa imechangia kamba wake, wale wadogo waliokataliwa na wanunuzi. Safina alipeleka wa kwake kwenye ndoo ya bluu. Alfajiri ile ile ndani ya ndoo hiyo alikuwa amechanganya dawa. Akaisuuza mara moja kwa maji ya mtoni, akainusa, akaona imetakata. Watu wakala, wakashiba, wakalamba vidole.

Binti yake Muzdalifa alikula sahani mbili. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, mumewe kaenda kukata boriti vijito vya mbali, na siku hizo hakuna chakula kilichokuwa kikimtosha.

Kabla ya alasiri, Muzdalifa akaanza kutoka mate.

Safina alidhani ni kichefuchefu cha mimba. Akamfuta. Mate yakazidi, jasho likamtoka hadi kanga ikalowa chepechepe, akajikunja kwenye mkeka ameshika tumbo, na nyama za mapaja zikawa zinamchezacheza zenyewe. "Mama," alisema, "mbona sioni vizuri?"

Huko nje tayari kelele zilikuwa zimeanza. Nyumba ya tatu mtu anatapika, nyumba ya mbele bibi kaanguka uani. Kufika alasiri walikuwa kumi na mmoja. Mtu mmoja akapiga yowe, "Badiri imejibu!" na yowe hilo likazunguka kijiji kizima. Hofu iliyowaingia watu hapo, mimi sina namna ya kuieleza. Aliyelala mgonjwa ndiye aliyetia sumu, kashikwa mchana kweupe, na atakayemgusa atashikwa naye. Milango ikafungwa. Watu waliokula sahani moja saa mbili zilizopita wakawa hawapeani maji.

Jirani yake Mwanamina, rafiki wa kuazimana chumvi, alisimama mbali, karibu na mfenesi, mkono mdomoni. "Nani angemdhania Muzdalifa!" alisema. "Mtoto mpole vile! Kumbe ndiye anayetuulia mto."

Safina alifungua mdomo. Neno moja tu lingemtoa mwanawe kwenye aibu ile. Akanyamaza. Naam, alinyamaza, na mimi sitamfichia.

Akaja Kheri, mganga wa zahanati, mtu wa Mtawanya aliyeletwa kisiwani mwaka uliopita na ambaye watu walikuwa bado wanamwita mgeni. Alipiga magoti, akamfunua Muzdalifa kope, akanusa pumzi yake.

"Bi Safina, hii si Badiri. Hii ni sumu."

"Sumu gani, mwanangu?"

"Ndilo ninalouliza tangu nyumba ya kwanza! Iko ya panya, iko ya pamba, uko utupa wa porini. Ninazo sindano sita zilizotoka Kibiti, ni za sumu ya aina moja tu. Nikizipiga kwa sumu nyingine, nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeuliza nyumba kumi, wote wananitazama tu." Akafuta jasho. "Anayejua aseme. Huyu na mtoto wake hawafiki magharibi."

Safina alimtazama mwanawe. Mate yalikuwa yanachuruzika hadi sikioni, na kifua kinapanda kwa shida, kinakwama, kinapanda tena. Akakumbuka ndoo. Yarabi, ile ndoo ya bluu! Akajitupa uvunguni mwa kitanda, akatoka na chupa, akaisukumiza mikononi mwa Kheri.

"Ya pamba," alisema. "Ni mimi. Ya pamba, ya Ikwiriri. Mpige sindano, baba, mpige!"

Kheri alizibua gunzi, akanusa. Alivunja kichupa cha kwanza, akavuta nusu yake kwenye bomba, akasimamisha mkono.

"Sindano sita, wagonjwa kumi na mmoja. Nitawapa nusu nusu, Mungu ajazie. Lakini huyu wako ni dawa ya pamba, wengine mimi sijui wamekula nini. Kamba walitoka nyumba zote. Nani mwingine anatumia hii? Kama yuko aliyetia kitu kingine, nitajuaje?"

Safina alikuwa ameshatoka mbio.

Wanaume walikuwa msikitini, wamejifungia na hofu yao, wanasoma. Aliingia kama alivyo, kichwa wazi, miguu ina tope la mtoni, kanga imejaa matapishi ya mwanawe, mikono inanuka dawa. Akasimama katikati ya mikeka.

"Mimi!" alipiga kelele. "Nilitia mimi! Si Muzdalifa, ni mimi mama yake, na niliitikia Amina kuliko nyote! Mwenye kutia naye aseme alitia nini, Kheri ana sindano, anataka kujua! Watu wanakufa, semeni!"

Mzee Salumu, mkali wa dini pale kijijini, aliyekuwa akiwafukuza watoto kwa kupiga chafya kwenye safu, aliinuka. "Mtoeni huyu mwanamke! Kaingia na najisi kwenye nyumba ya Mungu!"

"Nitoeni mkishasema!"

Safina akawatazama usoni mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakainamisha macho, na hapo ndipo alipoelewa. Lahaula! Kumbe wote.

Mwinjuma mwenyekiti alikuwa wa kwanza. Mama yake mzazi ndiye aliyeanguka uani. "Hata mimi," alisema, uso kaufunika kwa viganja. "Ya pamba." Akafuata Nassibu mshona nyavu, ya pamba. Akafuata Abdalah na mdogo wake. Ya pamba, ya pamba, ya pamba, sauti zinatoka kila pembe, nyingine kwa kilio. Na Mzee Salumu? Mzee Salumu alikaa chini polepole kama anayeteremka kisimani. "Ninazo chupa mbili," alisema. "Za pamba."

Nassibu alichomoka mlangoni kumpelekea Kheri habari, na waliobaki wakamgeukia Maalim. Alikuwa ameketi kwenye kibla na kitabu mapajani, kimefungwa.

"Mabati haya yaliyo juu yetu," alisema Maalim Abdulswamadu, "mlipoyaleta sikuuliza mmeyapataje. Nilijua, nikafurahia kivuli. Na leo nimewaombea ninyi laana, na mimi nimo ndani yake."

"Basi iondoe, Maalim!" Mwinjuma alimshika miguu. "Tuombee!"

Maalim akainuka. Mzee Salumu akamshika kanzu, machozi yanamtoka, lakini mtu na tabia yake. "Maalim, tutaombaje hivi? Hatuna udhu. Birika ni kavu, maji yote Kheri kayachukua kuoshea wagonjwa, na mtoni ndiko kwenye sumu. Mikeka imeingia matapishi. Tumekula sadaka ya haramu, bado imo tumboni. Tungoje boti iliyokwenda ng'ambo kuchota maji, tujitoharishe kwanza."

"Boti ikirudi na maji itatukuta tunazika, Salumu." Maalim hakupaza sauti. "Usafi wetu tuliutia mtoni wenyewe. Leo hatuna cha kumpelekea Mungu ila uchafu huu na majuto. Akiukataa, ni haki yake. Pigeni magoti hivyo hivyo mlivyo. Na wewe, Bi Safina, usitoke. Piga magoti hapo hapo uliposimama."

Wakapiga magoti. Milango ilikuwa wazi na wanawake wakaja kujaa barazani, Mwanamina kati yao, kashika chupa yake mwenyewe. Maalim hakusoma jina la shujaa yeyote. Aliinua mikono mitupu.

"Mola wetu, mchana tulikuomba umshike mwenye kosa. Tulikuwa waongo. Mwenye kosa ni sisi. Tumekuja bila tohara, hatuna maji, hatuna hata uso. Lakini mioyo imekugeukia, na Wewe unaiona. Wasamehe hawa. Usitulipe tulichoomba."

Watu waliitikia. Safina naye alitaka kuitikia, akafungua mdomo, na ile Amina ikakataa kutoka. Aliinama hadi paji likagusa mkeka mchafu, akalia.

Niwaambie nini? Kheri alipiga nusu sindano kumi na moja, moja baada ya nyingine, na baadaye aliapa kwa watoto wake kwamba kipimo kile hakikutosha hata kidogo. Watu waliokuwa wakiogopana waliingia nyumba za wagonjwa, wakawashika vichwa, wakawafuta, wakawageuza ubavu. Mwanamina alimshika Muzdalifa miguu hadi mitetemo ikakoma. Magharibi ikaingia, hakufa mtu. Isha ikaingia, hakufa mtu. Mama yake Mwinjuma, kibibi wa miaka themanini na ushee, aliomba uji.

Chupa zilikusanywa hadi zikajaa kapu, na asubuhi Kheri akazifukia mbali na maji, wanakijiji wote wanatazama.

Muzdalifa alifumbua macho jua likiwa limepanda. Safina alikuwa kwenye kigoda kando ya mkeka, mikono kaifunga ndani ya kanga.

"Mama. Watu wanasema mimi ndiye niliyetia."

"Hawasemi tena." Safina angeweza kuishia hapo. "Ni mimi, mwanangu. Dawa ilikuwa yangu, na ndoo ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekulisha."

Muzdalifa alimtazama mama yake, akageuza uso ukutani. Safina hakumgusa wala hakujitetea. Nje bata mmoja aliyesalia alikuwa analia, na mtu anatwanga.

Kisha Muzdalifa, uso bado uko ukutani, akanyoosha mkono nyuma. "Lete mkono wako."

"Haujatakata, mwanangu. Nimeusugua kwa majivu tangu alfajiri, bado unanuka."

"Utausugua tena kesho. Ulete."

Akauchukua, akauweka juu ya tumbo lake, upande wa kushoto, akaukandamiza pale. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu teke likaja, dogo, kisha jingine la nguvu, katikati kabisa ya kiganja.

"Amina," alisema Safina, kwa sauti ambayo hata binti yake hakuisikia.