Sikio la Mfano

Mtaa mzima ulimwita Mama Masikio, na jina hilo alilibeba kwa madaha. Alikuwa muuguzi wa kitengo cha masikio, na watoto waliofika kwake wakilia walitoka wakicheka. Kasheshe ilikuwa nyumbani. Binti yake wa pekee, wa miaka minane, alibandikwa naye jina la Sikio la Kufa, maana sikio la kufa halisikii dawa, na huyu kumwita ilikuwa sawa na kuuita ukuta.

Bibi mzaa mama alishamwambia kwa upole kwamba huenda mtoto hasikii vizuri. Mama Masikio akamuuliza ni nani kati yao aliyesomea masikio. Mtoto haumwi, hana homa, wala hatokwi na usaha. Tena ukimwonyesha biskuti anasikia mno! Huo ni ukaidi, basi.

Kamera mpya ya masikio ilipoletwa, daktari mkuu aliomba mtoto mwenye masikio mazima, ili wauguzi wakione kwanza kiwambo cha sikio, ule utando wa ndani, kisicho na kasoro kabla ya kuonyeshwa vibovu. Mama Masikio ndiye aliyewahi kuinua mkono. Atamleta wa kwake, alisema. Masikio anayo mazima kabisa, ila hayatumii. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Asubuhi ya siku ya onyesho alimwita mtoto avae viatu. Mtoto alikuwa amempa mgongo, anachezea kamba ya begi. Akamwita tena. Wapi! Uvumilivu ukamwisha, akamfuata, akamshika sikio na kulisokota mpaka mtoto akasimama kwa ncha za vidole. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akamwambia, na njia nzima wakaenda wamenuniana.

Kamera yenyewe ilikuwa nyembamba kama kalamu, ina taa nchani, na kila ilichokiona kilitokea kwenye skrini kubwa ukutani. Wauguzi walikuwa wameshakaa. Mama Masikio alimweka binti yake kitini, akasimama nyuma yake, akanyoosha mkono alivute sikio taratibu juu na nyuma, kama anavyowafanyia watoto wote ili njia ya sikio inyooke.

Mtoto akajikunyata, akaziba masikio kwa viganja.

"Sijafanya kitu, mama."

Mama Masikio alijichekesha peke yake, akasema huyu ana vituko huyu, akamtoa mikono. Sikio lilikuwa bado limevimba pale liliposokotwa. Daktari mkuu aliliangalia, kisha akamwangalia yeye.

Kamera ikaingia. Mama Masikio alikuwa ameshawaambia wenzake wataona utando mwembamba, wa kijivu, unaong'aa. Walichokiona ni utando uliofifia, na nyuma yake majimaji mazito ya njano yenye viputo. Akahamia sikio la pili. Yale yale. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: sikio la kati likijaa hivyo haliumi, lakini sauti humfikia mtoto kama zinatoka chumba cha pili.

Daktari mkuu aliuliza ni tangu lini mtoto haitiki akiitwa. Wote mle ndani walikuwa wakicheka vituko vya Sikio la Kufa tangu mwaka jana, na msimuliaji ni yeye. Daktari akasema inatibika, wataanza leo leo. Mama Masikio alitamani ardhi ipasuke immeze. Mganga hajigangi, sawa, lakini yeye hakuishia kutomganga mwanawe. Alikuwa akimwadhibu kwa sababu ya ugonjwa.

"Nisamehe, mwanangu," alisema pale pale nyuma ya kiti.

Chumba kizima kilimsikia. Mtoto hakugeuka. Aliendelea kuitazama skrini, akibembeza miguu.

Mama Masikio akaiweka kamera mezani, akazunguka kiti, akapiga magoti mbele yake ili mtoto amwone mdomo. Machozi yalikuwa yameshamtangulia. Kabla hajasema kitu, mtoto aliuona ule uso, akaogopa, akainua viganja kuziba masikio.

"Nitasikia, mama," akasema haraka haraka. "Kuanzia leo nitakuwa nasikia."