Vitambaa Vilivyojipanga Foleni

Alhamisi asubuhi fundi alifungua karakana ya kushonea, akatundika mkoba kwenye msumari na kutia cherehani mafuta. Alipogeuka kutafuta kiti chake aliona kwamba vitambaa vimeshuka vyenyewe kutoka kwenye rafu na kupanga foleni. Foleni ilianzia kwenye kiti, ikazunguka meza ya kukatia, ikaishia kwenye ndoo ya vipande. Kila kitambaa kilisimama kimefungwa kiunoni kwa ukanda wake, na karatasi ya vipimo imebanwa kwa pini kifuani.

"Hebu nipisheni nikae," fundi alisema. Vikampisha.

Bibi wa vifungo, ambaye kazi yake ilikuwa kutoboa vitundu na kushona vifungo, alivitazama juu ya miwani. "Leo vimekuja vyenyewe," alisema. "Afadhali. Hivi havina midomo mirefu kama wateja wenyewe."

Bosi wao aliitwa Usijali. Jina hilo alipewa na wateja, maana yeye alimwambia kila aliyeleta kitambaa, "Usijali, njoo Ijumaa," bila kugeuza shingo kuona nani atakishona. Cherehani zilikuwa mbili. Fundi wa cherehani ya pili alikwenda kujifungua, na mtoto wake sasa alikuwa anatembea, lakini kiti chake kilibaki kikibeba mafurushi. Fundi aliyebaki alikuwa na mtindo mmoja tu wa kazi: alishona anayepiga kelele. Mteja akifoka, fundi huchomoa kilicho chini ya sindano na kuingiza cha huyo anayefoka, mpaka aje mwingine mwenye koo kubwa zaidi. Kwa hiyo ukutani zilining'inia nguo zenye mkono mmoja, na bega la kulia la fundi lilikuwa limepanda hadi karibu na sikio likakataa kushuka.

Hariri ilitoka nyuma ikisukuma wenzake.

"Mimi ni ya harusi," ilisema.

"Harusi lini?" Bibi wa vifungo aliuliza.

"Mwezi ujao."

"Sasa haraka ya nini, bibi harusi ni wewe?"

Bibi akauma uzi, akamgeukia fundi. "Mwanangu, utakufa na sindano mkononi, na Usijali ataambia watu waje kukuzika Ijumaa. Achana na kelele. Kiulize kila kimoja: ukikosekana kesho, nani atakaa uchi?"

Fundi akauliza. Kitambaa hakiwezi kudanganya ikiwa mwenye nacho hayupo, hilo kila fundi analijua.

Kaki ya mlinzi ilisema mlinzi ana suruali moja, nayo imepasuka nyuma. Siku hizi anatoka kwenye vyumba kinyumenyume, na watu wanamsifu kwa adabu. Ikawekwa mbele. Nyuma yake likaja shati la mgonjwa ambaye la kwanza lilikatwa na mkasi hospitalini. Pazia lilisema hakuna wa kukaa uchi, ila majirani wanaona mengi. Likapewa nafasi ya katikati. Hariri ilikiri kwamba mwenye nayo ana kabati lililojaa nguo hadi mlango haufungiki. Ikarudi nyuma imenuna.

Kando ya ndoo kilisimama kitambaa cha buluu. Kilifika kabla ya vyote. Kilikuwa cha sare ya binti wa fundi, ambaye gauni lake lilikuwa limembana na kuchanika kwapani. Darasani mwalimu akisema anayejua anyooshe mkono, mtoto hubana viwiko. Alijua majibu mengi. Mwalimu alikuwa ameanza kumhesabu miongoni mwa wazito wa kuelewa.

"Na wewe?" fundi aliuliza. "Ukikosekana, nani atakaa uchi?"

"Hakuna," kilisema. "Ana la zamani."

"Limechanika."

"Kwapani tu, mama. Kwapa si uchi."

Kikabaki mwisho bila kuambiwa. Fundi alitaka kukivuta, lakini kaki ilikuwa imeshaingia chini ya sindano, na siku hiyo aliapa hachomoi kitu.

Kazi ikaenda. Kimoja kikiisha kinakunjwa, kinachofuata kinajifungua ukanda. Kufikia Ijumaa jioni bega lilikuwa limeshuka kidogo. Mlinzi alivaa suruali palepale nyuma ya pazia la watu, akatoka akiwa amewapa wote mgongo, taratibu, kwa fahari.

Usijali aliona sakafu imepungua mzigo. "Kumbe inawezekana!" alisema, akaenda kusimama barazani. Sauti yake ilisikika ndani: usijali, njoo Ijumaa, usijali, mama, njoo Ijumaa. Vitambaa vipya viliingia kwa miguu yao, vikaulizwa swali, vikajipanga.

"Bosi," fundi aliita, "si ulete fundi wa ile cherehani nyingine?"

"Wa nini, na vinajipanga vyenyewe?"

Bibi wa vifungo alikohoa kwa namna ambayo ingekuwa tusi kama angefungua mdomo.

Mtoto alipitia hapo akitoka shule, viwiko vimebana mbavu. Alimwamkia bibi, akakiona kitambaa chake cha buluu pale mwisho. Akaenda kusimama nyuma yake, akashika pindo. Shati la dereva liliingia likisema dereva hana jingine, na kitambaa na mtoto wakasogea kulipisha. Ikaja sketi ya mjamzito. Wakasogea tena, mpaka mgongo wa mtoto ukagusa ukuta.

"Mama, zamu yetu lini?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa, akazichomeka kwenye kifuko chake, akamtazama mwanawe.

"Ijumaa," alisema.

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Alitaka kuuliza Ijumaa ipi, lakini swali huulizwa kwa kunyoosha mkono.