Katibu wa Viungo vya Kati

Karani wa masjala alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: mwandiko mzuri. Miaka ishirini na tisa ofisini, na popote walipokutana watu watatu, iwe msibani, iwe kikao cha wazazi, iwe ukoo unagombania mpaka wa shamba, lazima mtu amsogezee daftari. Dada, wewe una mwandiko mzuri, tuandikie. Naye anaandika. Wenzake wanabishana, wanacheka mpaka machozi, yeye kainama tu.

Ndiyo maana alipoona tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa mtaa, mafunzo ya densi ya tumbo kwa wasiojua chochote, kila Jumamosi saa nne asubuhi, moyo ulimruka. Hapo angalau, alijiambia, hakuna wa kunipa kalamu. Mumewe alipouliza anakwenda wapi, alijibu kikaoni, maana hilo ndilo jibu pekee ambalo mzee hakuwahi kulihoji.

Walijikuta wanawake tisa. Mkufunzi, binti mwembamba mwenye subira ya ajabu, aliwagawia vitambaa vyenye njuga wajifunge kiunoni, akawapanga mbele ya kioo kilichopasuka pembeni. Karani akatikisa mara moja. Njuga zikalia. Alicheka kama mtoto aliyetekenywa. Kumbe umri wote huo alikuwa na nyonga mbili, na kila moja ina akili yake!

Raha yenyewe haikumaliza dakika kumi. Mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miwani ya kamba, alinyoosha mkono akauliza kama kikundi kimesajiliwa. Hakijasajiliwa? Sasa wanatumiaje ukumbi wa umma? Na watu wa mtaa ule, nakwambia, ukitaka wasahau walichokuja kufanya, wape uchaguzi. Muziki ukazimwa, viti vikapangwa duara. Mstaafu akapita kuwa mwenyekiti, nani mwingine? Makamu akapatikana. Mweka hazina akapatikana, ingawa hazina yenyewe haikuwapo. Ilipofika nafasi ya katibu hawakupiga hata kura. Mkunga wa mtaa, aliyewahi kukaa na Karani kwenye kamati ya shule, alimnyooshea kidole akasema huyu ana mwandiko mzuri. Karani akalipokea daftari, na akauchukia mkono wake kwa jinsi ulivyolipokea haraka.

Jumamosi ya pili iliishia kwenye jina. Mstaafu alikataa katakata neno tumbo lifike ofisi ya kata na kupigwa mhuri. Kiuno nacho kikaanguka kwa kura saba kwa mbili. Baada ya saa nzima ya kuvutana likapita jina la Kikundi cha Maendeleo ya Viungo vya Kati. Jumamosi ya tatu ikawa zamu ya katiba, nayo ikakwama kwenye nidhamu: mjumbe akitikisa kulia na wenzake wametikisa kushoto, apewe onyo la mdomo au la maandishi? Mkufunzi alikuwa amekaa juu ya spika yake, shavu mkononi. Zilipobaki dakika kumi na tano wakacheza, wote ila mmoja. Karani alikaa kitini akiandika kwamba wajumbe wanane walizungusha nyonga kwa kauli moja.

Alipofika nyumbani alikivua kitambaa kikiwa hakina hata tone la jasho. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia. Mwanamke mzima, analilia njuga. Aliona aibu, halafu akaona hasira, na hasira ikamkaa vizuri zaidi.

Jumamosi ya nne aliliweka daftari dirishani, limefungwa, akasimama mstari wa mbele. Kabla mwenyekiti hajafungua kikao alimwomba Mkufunzi awashe muziki, na Mkufunzi hakungoja kuambiwa mara mbili. Wakacheza dakika arobaini mfululizo. Hata Mstaafu alijikuta anatikisika, ingawa alisema anafanya ukaguzi.

Ndipo akaingia afisa wa kata, kijana wa shati lililopigwa pasi, kuja kuhakiki kama kikundi kiko hai. Akaomba kumbukumbu za siku hiyo. Bila kumbukumbu, alisema, hana ushahidi kwamba hapa kuna kikundi, na ukumbi utapewa wengine. Aliyasema hayo mbele ya wanawake tisa wanaohema, jasho linawatiririka mpaka visiginoni.

Macho yote yakamgeukia Karani. Mstaafu, kwa sauti ile ya kutishia wanafunzi, akasema katibu atazitoa sasa hivi. Kwa kweli angeweza kuzijaza kwa dakika tano. Vidole vilishaanza kumwasha.

“Sikuandika,” alisema. “Nilikuwa nacheza.”

“Basi andika sasa, mama,” afisa akamsihi. “Mistari miwili tu. Nasikia una mwandiko mzuri.”

Hapo maneno aliyoyafungia kifuani miaka sita yakatoka yenyewe.

“Mwanangu, siku binti yangu anaolewa niliwekwa mlangoni niandike wageni. Niliwaandika wote, mia mbili na arobaini. Sikumwona akiingia, sikumwona akicheza. Ukiniuliza nani alikuja, nitakutajia mpaka kesho. Usiniulize mwanangu alipendeza vipi.”

Mkunga aliinamisha kichwa; alikuwa wa kumi na saba kwenye orodha ile. Mstaafu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaenda dirishani mwenyewe, akachukua daftari na kalamu, akavuta kiti.

“Waliohudhuria ni tisa,” alimwambia afisa. “Wanaocheza, wanane.”

Muziki ukawashwa. Karani akarudi mstari wa mbele bila kugeuka nyuma. Mwenyekiti aliandika kwa shida, herufi zinapanda na kushuka, na chini ya kiti mguu wake wa kulia ulikuwa ukigonga sakafu, unafuata mdundo.