Hodi ya Kipolisi

Kabla Kobe hajashuka garini, mkwewe, Inspekta, alimkumbusha tena. "Mzee, siku hizi wewe ni mpelelezi binafsi. Pingu huna, na mimi hati ya upekuzi sina. Ingia kama mnunuzi wa friji. Ukisikia sauti ya yule binti wa kazi, niite, hapo sheria inaniruhusu kuvunja mlango. Bila hivyo mikono yangu imefungwa."

"Imefungwa tangu lini?" alidakia mama wa binti kutoka kiti cha nyuma. "Nimekuja kituoni kwako mpaka mabenchi yamenizoea. Ukaniambia mwanangu ni mtu mzima, ameacha kazi kwa hiari yake."

Inspekta akajifanya anarekebisha kioo.

Kobe akaenda. Walimbatiza jina hilo alipokuwa polisi, kwa mwendo wake, lakini kobe huyo aliwahoji majirani mmoja mmoja hadi akaridhika: binti wa kazi hakuwahi kutoka nyumba ile. Sasa tajiri wake anauza vyombo, anahama. Ilikuwa leo au basi.

Akafika mlangoni. Akasimama pembeni, si mbele, akagonga kwa ubavu wa ngumi: ngo! ngo! ngo! Mkono uliposhuka ndipo akajishtukia. Mazoea yana tabu! Mnunuzi gani wa friji anabisha hodi kama amefuata jambazi? Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Jicho moja likamkagua mpaka viatu.

"Nimekuja kuangalia friji, bosi."

"Imeshauzwa, afande."

Mlango ukafungwa. Kobe akabaki ameukodolea macho. Amemponza mtoto wa watu kwa ngumi yake mwenyewe.

Ndipo sauti ikapasuka ndani. "Polisi! Niko huku! Msiondoke!"

"Inspekta!" Kobe alipiga ukelele ambao hakujua bado anao.

Mlango ulipovunjwa, walimkuta binti kwenye stoo nyuma ya jiko, amekonda, macho yakiogopa mwanga. Mama yake alimkumbatia akilia kwa sauti.

"Majirani walikuwa wanabisha hodi kila siku," Inspekta alimwambia binti taratibu. "Mbona hukuwaita?"

"Aliapa ataniua nikiita mtu asiyeweza kunitoa. Nikawa nasikiliza hodi tu. Nilijua mama ataenda polisi, na polisi hawagongi kama watu wengine." Akaushika mkono wa Inspekta, kwa kuwa ndiye aliyevaa sare. "Asante, afande. Nilijua utakuja."

Inspekta akainamisha kichwa. Mama wa binti hakumsaidia kwa neno lolote.