Sarafu ya Katikati

Wivu wa mke kwa mume unajulikana, na wa jirani kwa jirani si mgeni. Lakini mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mwenye karakana yake na mvi zake mbili za kwanza, akimwonea wivu shemeji yake kwa ajili ya baba, huyo atamwambia nani? Atachekwa mpaka watu washike mbavu. Ndiyo maana Seremala aliumeza wivu wake kimya kimya, ukamkaa tumboni, na kila Jumapili akaenda nao kwa wazazi wake kama mtu aliyebeba mzigo usio na anwani.

Baba yake alikuwa fundi saa. Miaka arobaini aliinamia meza moja, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akifufua saa za watu kwa vyuma vidogo kuliko punje ya mtama. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Ukimsalimu leo, jibu lisubiri kesho. Utoto wote wa Seremala, sentensi aliyoisikia zaidi kutoka kinywani mwa baba yake ilikuwa moja tu: "Usipumue hapa." Springi ya saa hupeperuka kwa pumzi ya mtoto, na ikishapeperuka imekwenda. Basi mtoto akajifunza kukaa mbali na meza. Alipokua alichagua kazi ambayo mtu anapumua atakavyo, anagonga nyundo, anaimba, vumbi linapanda hadi kwenye mabati na hakuna wa kumfukuza.

Kisha simu zikaua saa. Mzee akafunga duka, akaihamishia ile meza chumba cha mbele nyumbani, akawa anaketi mbele yake mikono mitupu. Hali ilikuwa hiyo hadi siku alipokuja Masafa.

Masafa ndilo jina la utani la mume wa mdogo wake Seremala, dereva wa malori ya nchi za mbali. Wabadilisha fedha wa mipakani hupokea noti, sarafu hawazitaki, kwa hiyo alikuwa akizitupa zote katika kopo la maziwa ya unga chini ya kiti chake. Safari baada ya safari kopo likajaa, likawa linalia kila lori likiruka shimo. Siku moja akalileta ukweni na kulimwaga juu ya meza ya mzee.

"Baba, hebu nisomee hizi kwa kioo chako. Mimi hata sijui nyingine ni za nchi gani."

Mzee akabana kioo jichoni kwa mara ya kwanza tangu afunge duka. Alipokivua, jua lilikuwa limezama na chai yake imepoa ikashika utando.

Tangu hapo ikawa ni sarafu asubuhi, sarafu jioni. Masafa akirudi safari, kabla hajaenda kwake kuoga, lori limeshaegeshwa nje ya nyumba ya mzee, na nyuma ya lori maandishi mekundu yanamsubiri Seremala: MWENYE WIVU AJINYONGE. Jumapili moja Seremala aliingia kwa mlango wa uani akasikia sauti asiyoijua ikitoka chumba cha mbele. Alidhani ni redio. Kumbe ni baba yake anacheka. Masafa alikuwa ameketi kwenye kistuli, kiwiko kwa kiwiko na mzee, anahadithia jinsi muuza chai mmoja alivyomrudishia chenji ya sarafu ya mfalme aliyekufa zamani. Tena alikuwa anapumua, anahema kabisa juu ya meza ile, na hakuna aliyemkataza.

Seremala alisimama mlangoni kama mdeni, akarudi jikoni.

"Naona baba kapata mtoto," alimwambia mama yake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akajibu, akiendelea kuchambua mchele. "Wewe hutaki baba yako apone?"

Alitaka. Ila alitaka mwenye kumponya awe yeye.

Siku moja katikati ya wiki, siku ambazo mzee hakuwa na desturi ya kutoka nyumbani, alimtokea Seremala karakanani. Miaka kumi na tano karakana imesimama pale, na mara ngapi mzee alikuwa amekanyaga? Mbili, na moja ilikuwa kujikinga mvua. Alikuwa ameshika kipande cha boksi chenye miduara iliyochorwa kwa penseli, kila sarafu imezungushiwa mstari wake.

"Nataka kibao," alisema. "Matundu ishirini na tano, matano kwa matano. Masafa amesema plastiki si nzuri."

Moyo wa Seremala ulikuwa umeshapaa, ukashuka hapo hapo kwenye jina la Masafa. Hata hivyo akapokea lile boksi, akalikagua. Miduara mingi ilikuwa mikubwa. Wa katikati ulikuwa mdogo.

"Na huu wa katikati?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza," mzee akasema. "Ndiyo iliyonianzisha."

Seremala hakuuliza zaidi, na angeuliza nini? Aliyemwanzisha mzee alijulikana mtaa mzima, na lori lake lina maandishi mekundu.

Kazi ni kazi. Alichagua mbao iliyokauka vizuri, akakata kila tundu kwa kipimo chake, akalipiga msasa mkali, msasa wa kati, msasa laini, akamalizia kwa kitambaa na nta. Chini ya kila tundu alitandika kipande cha kitambaa cha kijani. Siku nne alizitoa kwa kibao ambacho kwa mteja mwingine kingekuwa kazi ya asubuhi moja.

Jumapili akakipeleka. Mzee alikipitishia kiganja, akakipindua, akakinusa.

"Kazi safi," akasema.

Maneno mawili. Seremala alikuwa bado anayatafuna, akingoja lije la tatu, mzee akageukia upande wa pili. "Mkwe, hebu njoo uone zinavyokaa!" Na Masafa akaja na kistuli chake, na kila sarafu iliyoshushwa kwenye tundu ikashuka na hadithi yake ya barabarani, na kicheko kikaanza upya.

Ya katikati mzee aliiweka mwisho, kwa kibano, taratibu kama anarudisha moyo wa saa. Seremala alichungulia. Ilikuwa sarafu ya kawaida, ya hapa hapa nchini, ya zamani kidogo, imechakaa na ukingo wake umeingia weusi. Ndiyo iliyopewa kiti cha katikati! Mzee akainua macho akamtazama mwanawe, akakaa hivyo kitambo, kama mtu anayengoja kuulizwa swali. Seremala alitazama dirishani.

Walipoitwa mezani, yeye alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alipotoka, tundu la katikati lilikuwa tupu na sarafu iko mfukoni mwake. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu Masafa apungue.

Kesho yake alikuwa anamalizia kitanda cha nesi mmoja wa mtaa wa pili. Bolti ya upande wa kichwani ilikuwa inacheza, tundu limepanuka, na vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya kichwa cha bolti vilikuwa vimemwishia. Akaingiza mkono mfukoni. Akaibana ile sarafu kwenye jiliwa, akawasha keke, akaitoboa katikati. Chuma kililia kwa kelele mbaya, kisha kikanyamaza. Akaipachika chini ya bolti, akakaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na alasiri ile ile kitanda kikapelekwa kwa mwenyewe.

Usiniulize kama alijuta. Alipiga mluzi siku nzima.

Jumanne asubuhi mama akapiga simu. "Njoo. Baba yako hajala tangu jana."

Alimkuta mzee wa miaka sabini na minne amelala kifudifudi chini ya meza, tochi mkononi, anapapasa nyufa za sakafu. Masafa naye alikuwa amepiga magoti, suruali imejaa vumbi. Alikuwa aondoke na shehena alfajiri ile, akampa dereva mwenzake mwenye lori lingine. Mifuko yake yote ilikuwa imepinduliwa, inaning'inia nje kama masikio ya mbuzi.

"Nimemwambia baba anisachi," alisema kwa aibu. "Pengine imejibanza kwangu bila mimi kujua."

"Sikushuku, mkwe," sauti ya mzee ikatoka chini ya meza.

Hapo Seremala angeweza kunyamaza. Kunyamaza kungekuwa dhambi moja. Lakini wivu ukishaonja damu hauridhiki na kidogo.

"Tuliokuwa humu si wengi," akasema. "Na mzoefu wa sarafu ni mmoja."

Masafa aliinua uso. Akaanza kurudisha mifuko yake ndani, mmoja baada ya mwingine.

Mama akaingia na ufagio. "Jamani, mtavunja sakafu kwa ajili ya ile iliyotoka makalioni mwa huyu?" Akamwelekezea Seremala mpini.

"Iliyotoka wapi?"

"Ina maana hujawahi kuambiwa?" Mama akacheka, akaegemea ufagio. "Ulikuwa na miaka miwili. Unamsumbua dukani, akakupa sarafu uichezee, ukaimeza. Daktari akasema tusubiri, itapita yenyewe. Baba yako, ambaye hakuwahi kufunga duka hata siku aliyofiwa na mamake, akafunga siku tatu. Alikaa na wewe na poti lako. Kila ukijisaidia, anachambua kwa kibano cha saa na kioo jichoni! Siku ya tatu ikatoka. Akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. Akaisafisha kwa spiriti, akasema hii haitumiki tena maisha. Ikakaa kwenye droo ya springi miaka yote hii. Masafa alipomwaga zake hapa mezani, baba yako akaifungua ile droo akamwambia, mimi nilianza kabla yako, mkwe, ninayo moja."

Masafa alitikisa kichwa kukubali.

"Na ndiyo maana akakufukuza mezani," mama akaendelea. "Meza nzima ilikuwa vitu vya kumezwa. Kila ukisogea, yeye jasho linamtoka. Uchungu wa mwana, hata baba anaujua."

Mzee hakutoka chini ya meza. Tochi yake ilikuwa inamulika pale pale, kwenye ufa mmoja.

Seremala aliondoka bila kuaga. Alipita karakanani, akachukua spana, akakimbia hadi kwa nesi, akagonga mlango. Nesi alikuwa ametoka zamu ya usiku, akafungua na khanga begani na jicho moja limefumba.

"Naomba uniachie kitanda kidogo, dada. Kina kasoro."

"Kasoro gani? Mbona nilikuwa nimelala vizuri kabisa?"

"Kasoro ni ya fundi," Seremala akasema.

Nesi alimtazama usoni, akasogea pembeni bila swali la pili. Bolti aliyoikaza kwa nguvu zake zote ilikataa kutoka, ikamchubua vidole viwili. Alipoitoa, sarafu ilikuwa imepinda kidogo, ina tundu pana katikati na mikwaruzo kuzunguka. Akaweka kibati kipya alichokinunua njiani, akakaza, akaomba radhi, akaondoka.

Wote watatu walikuwa bado chumbani. Mzee sasa alikuwa amekaa kitini, vumbi magotini, na Masafa alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa lori mkononi. Seremala akaiweka sarafu juu ya meza.

"Niliichukua mimi. Nikaitoboa, nikafungia bolti ya kitanda. Nilidhani ni yake." Akamgeukia Masafa. "Shemeji, nilikuonea wivu, na leo nimekuita mwizi huku mwizi ni mimi. Nisamehe."

Masafa aliufumbata ufunguo wa lori kiganjani. "Ya leo yameniuma, shemeji," akasema. "Sitakudanganya."

Mzee alibana kioo jichoni, akaishika sarafu kwa kibano, akaigeuza upande huu na upande ule. Akachukua muda wake, kama enzi zile mteja amesimama na saa iliyokanyagwa na gari.

"Tumboni mwako ilikaa siku tatu ikatoka nzima," akasema. "Mkononi mwako imeshindwa kumaliza mbili."

Hakusema amesamehe. Mama aliacha kufagia. Seremala alitamani sakafu impokee.

Mzee akairudisha sarafu katika tundu lake la katikati. Kitambaa cha kijani kikaonekana kupitia pale keke ilipopita. Akaisawazisha kwa ncha ya kibano, ikakaa. Kisha akavuta kile kistuli kwa mguu, kutoka upande aliozoea kukaa Masafa, akakileta karibu.

"Keti."

"Kaa, shemeji," Masafa akasema kutoka mlangoni, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Mimi nina lori nje."

Seremala akaketi. Miaka thelathini na saba ilikuwa imepita tangu awe karibu na meza ile kiasi cha kuinusa, mafuta ya saa na spiriti. Mzee akavua kioo akampa, naye akakibana jichoni bila ujuzi, kikaanguka, akakibana tena. Akainama juu ya kibao, mikono magotini, akiogopa kugusa. Aliuona ukingo mweusi, akaiona mikwaruzo yake mwenyewe ikiwa mikubwa kama mitaro, kisha kioo kikajaa ukungu na hakuona tena kitu.

Mzee alikuwa anamtazama. Aliyaona mabega yaliyokakamaa, na kifua kisichopanda wala kushuka.

"Pumua," akasema. "Hii haipeperuki."